Hita nzima, maji vuguvugu: kisa cha kigingi cha mbao na mpira wa kufulia

"Fundi, hita inawaka, taa yake inazima kwa wakati, umeme tunalipa, lakini bafuni tunaoga vuguvugu." Mama mwenye nyumba aliyasema hayo kwa simu bila kupumua, na kabla sijauliza chochote akaongeza kwamba mimi ni wa tatu, kwa hiyo nisije na elementi mkononi. Wa kwanza alibadilisha elementi, kile chuma kinachopasha maji. Wa pili alibadilisha thamostati, kile kifaa kinachopanga joto la maji, akaizungusha hadi mwisho, akaaga akisema sasa wataomba maji baridi wenyewe. Bafuni hapakubadilika kitu. Aliyeungua ni mjukuu, tena jikoni, alipofungua koki ya sinki aoshe kikombe.

Hayo ya mjukuu aliyasema kwa lawama; mimi niliyachukua kama kipimo. Hita ni ile ile, siku ni ile ile, jikoni panaunguza na bafuni pana vuguvugu. Kama tatizo lingekuwa kwenye kupasha maji, lingeonekana kote. Nikamuuliza swali ambalo nadhani wenzangu hawakuuliza: vuguvugu la namna gani? Yanaanza moto kisha yanapoa, au ni vuguvugu tangu mwanzo?

"Tangu mwanzo, na hata nikikaa robo saa ni yale yale. Wala hayaishi."

Hilo la kutokuisha ndilo lililonifanya nibebe kipimajoto badala ya vipuri. Maji yasiyopata moto kabisa yana kesi yake upande wa umeme: breka, kizimio cha joto kupita kiasi, elementi iliyokatika, thamostati. Maji yanayoanza moto na kupoa ghafla ni kesi ya ujazo wa tangi, au ya mrija wa ndani uliovunjika, maji baridi na moto yakakutana mle mle. Lakini vuguvugu la kudumu, lisilopanda wala kushuka, kwa kawaida ni mchanganyiko: mahali fulani maji baridi yanaingia kwa kiasi kisichobadilika.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Tangi la kusimama la lita 80, limetundikwa stoo, lina elementi moja ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230. Maji baridi yanaingilia chini kupitia valvu ya usalama. Kifaa hicho kidogo kina kazi mbili: ndani yake mna valvu ya njia moja, inayozuia maji yaliyokwishapashwa yasirudi kwenye bomba la baridi, na mna springi inayoachia maji nje presha ikizidi, hapa baa 8. Bomba la moto likitoka kwenye tangi linagawanyika: tawi fupi, kama mita mbili, linaenda jikoni, tawi refu linapita chumba cha kufulia na kuishia bafuni.

Pale kwenye valvu ya usalama, kwenye kitundu chake cha kutolea maji, mtu alikuwa amechomeka kigingi cha mbao na kukigongelea ndani vizuri. Nilikiona nikiwa bado sijafungua mkoba. Nikajiambia nitakiondoa baadaye, nikishamaliza lililonileta. Nalitaja mapema kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, ingawa nilikuja kulijua saa mbili baadaye.

Mama huyo amewahi kuwa mhasibu, na nyumba yake ina daftari. Kila fundi anayeingia anaandikwa: amekuja kwa nini, amegusa nini. Kwa kufupisha, lilisema hivi. Valvu ya hita inadondosha, imezibwa. Koki ya jikoni inadondosha usiku, imebadilishwa mpira wa ndani. Koki ya jikoni, mpira tena. Asubuhi koki ya moto ikifunguliwa maji yanafyatuka kwa kishindo. Sinki la kufulia limefungwa mpira mpya wa kupitishia maji, wenye kichwa cha kubonyeza. Kufyatuka kumekoma kwenyewe. Maji ya bafuni vuguvugu. Elementi. Thamostati.

Niliisoma orodha hiyo nikiwa nimesimama, nikaona ni ya mfumo unaozeeka. Jibu lote lilikuwa humo, kwa mpangilio wake, na sikuliona.

Nilianza na umeme, kwa kuondoa shaka tu. Nilizima breka, nikahakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme, nikapima ukinzani wa elementi mpya: omu 26. Hesabu inataka hivyo hivyo, kwani volti 230 ukizizidisha kwa zenyewe na kugawanya kwa wati 2,000 unapata omu 26.5. Elementi ya zamani ilikuwa bado stoo ndani ya mfuko, imevaa ukoko mweupe wa chokaa mnene kama ganda la yai. Niliipima kwa udadisi: omu 27. Ilikuwa nzima. Ilitupwa kwa sababu ya sura yake, na hapa niseme kidogo, kwa kuwa kosa hili ni la wengi. Ukoko kwenye elementi ya umeme hauli joto. Elementi imezama majini, na kila wati inayoingia lazima iishie humo majini. Kinachotokea ni kwamba elementi yenyewe inalazimika kuwa na joto kali zaidi ili kulisukuma joto lile kupitia ganda, kwa hiyo inakufa mapema, na hita inaanza kunguruma kama sufuria yenye kokoto. Ukoko unafupisha umri wa elementi. Haufanyi maji kuwa vuguvugu.

Nilirudisha umeme, nikaisubiri hita hadi taa izime, kisha nikapima. Maji baridi ya nyumba: nyuzi 22. Bomba la kutokea kwenye tangi, kipimajoto kikiwa kimefungwa kwa kitambaa juu ya shaba: nyuzi 72. Jikoni, kwenye kikombe: 66. Bafuni, koki ya baridi ikiwa imefungwa kabisa na ya moto imefunguliwa yote, baada ya dakika tatu: 34.

Fundi wa pili, nilipompigia kumuuliza alichokuta, alisema bomba la bafuni ni refu na linapoteza joto ukutani. Ni jibu linaloingia akilini mpaka ulipigie hesabu. Shawa ile ilitoa lita 8 kwa dakika. Niliijaza ndoo kwa saa ya mkononi. Kuyapoza maji ya kiasi hicho kutoka nyuzi 72 hadi 34 njiani, ukuta ungelazimika kunyonya kilowati 21 hivi mfululizo. Hizo ni hita kumi na ushee kama hiyo moja, zote zikipasha ukuta kwa wakati mmoja. Rangi ingebabuka. Bomba la mita tisa hupoteza joto, ndiyo, lakini maji yakishaanza kupita kwa kasi hiyo upotevu unakuwa wa nyuzi chache.

Ukichukulia kwamba ni mchanganyiko, hesabu inakubali bila kulazimishwa. Tofauti kati ya moto na baridi ni nyuzi 50. Maji ya bafuni yamepanda nyuzi 12 tu juu ya baridi. Kumi na mbili kwa hamsini ni kama robo. Yaani katika kila lita nne zilizokuwa zikimwagika kutoka kwenye koki ya "moto", lita moja ilitoka kwenye hita na tatu hazikuwahi kuiona hita. Ndiyo maana hayakuisha! Hita ilikuwa inatoa lita mbili tu kwa dakika.

Kwanza nilishuku mrija wa ndani. Tangi la namna hii lina mrija mrefu unaochota maji moto kutoka juu, na ukiliwa na kutu au kukatika unachota ya chini, yaliyo baridi. Kwenye matangi yanayoingiza maji kwa juu ni kinyume chake: mrija wa baridi ndio mrefu, na ukikatika baridi inamwagika juu ya moto. Hita nyingi zilizotengenezwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na mirija ya plastiki iliyokuwa ikimeguka vipande, na watu wakawa wanaokota chembe nyeupe kwenye vichujio vya koki bila kujua zinatoka wapi. Lakini mrija wa ndani ukivunjika, bomba la kutokea kwenye tangi lenyewe lingekuwa vuguvugu, na hapa lilikuwa nyuzi 72. Niling'ang'ania wazo hilo kwa karibu nusu saa zaidi ya lilivyostahili, kwa sababu tu niliwahi kulikuta hivi karibuni kwingine.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni cha bure, na yeyote mwenye hita anaweza kukifanya. Zima umeme wa hita. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi. Kisha fungua koki ya moto, peke yake, kwenye kituo kinacholalamikiwa. Kama mfumo uko sawa, maji yatatoka kidogo na kukoma, maana hakuna kinachoyasukuma: tangi limefungiwa mlango. Yakiendelea kutoka, basi yanatoka kwenye bomba la baridi, yamepenya mahali.

Nilifunga. Tukasimama bafuni mimi na mama, tukiangalia shawa. Ilipungua kidogo, kisha ikaendelea kumwaga maji baridi kwa raha zake, dakika moja, mbili, tatu.

"Sasa haya yanatoka wapi?" akauliza.

Kulitafuta tundu hakukuwa kazi kubwa. Maji hukutana pale tu bomba la moto na la baridi linapogusana, na hapo ni kwenye koki za kuchanganya: jikoni, bafuni, chumba cha kufulia. Huwa ni kiini cha koki kilichochakaa ndani, au ni koki iliyoachwa wazi pande zote mbili huku mdomo umezibwa mbele. Nilienda chumba cha kufulia nikakuta la pili. Mpira ule mpya ulikuwa umefungwa kwenye mdomo wa koki ya kuchanganya, na mwisho wake una kichwa cha kubonyeza: ukibonyeza maji yanatoka, ukiachia yanakata. Kwa kuwa kichwa ndicho kinachokata, hakuna aliyeona haja ya kufunga vishikizo. Vyote viwili, cha moto na cha baridi, vilikuwa wazi muda wote, usiku na mchana.

Koki ikiwa hivyo, inakuwa daraja. Maji hayatoki nje, lakini ndani ya mwili wa koki moto na baridi ni bomba moja. Mtu akifungua moto bafuni, maji ya hita yanapaswa kupita kwenye valvu ya usalama na kwenye tangi zima, na kila kizuizi kinapunguza presha. Maji baridi hayana kizuizi hicho. Basi yanavuka daraja la kufulia, yanaingia tawi la moto kinyumenyume, na kufika bafuni kabla ya wenyewe. Hata zile nyuzi sita zilizopotea jikoni, kutoka 72 hadi 66, ambazo nilizipuuza kwenye daftari langu kama upotevu wa bomba, zilikuwa ugonjwa huo huo. Mita mbili za bomba haziwezi kupoteza nyuzi sita maji yakiwa yanakwenda.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kishikizo, nifunge, nipime tena, nionekane hodari. Kilichonizuia ni lile neno la daftari: kufyatuka kumekoma kwenyewe.

Maji yakipashwa yanavimba. Lita 80 zikitoka nyuzi 22 hadi 60 zinaongezeka kama lita 1.2, hadi 72, zinakaribia lita 1.7. Maji hayabonyezeki, na tangi la chuma halinyumbuki kiasi cha maana, kwa hiyo ziada hiyo lazima iende mahali. Valvu ya njia moja imeizuia isirudi nyuma. Imebakiwa na springi ya usalama, ambayo inaachia matone pole pole wakati hita inafanya kazi. Kudondosha kule ambako watu hukuona ni ubovu, hita ikiwa inapasha, ndiyo kazi yenyewe ya valvu. Sasa, nyumba hii ilikuwa imegongelewa kigingi. Ziada ikatafuta njia kwenye mpira wa koki ya jikoni, ikawa inadondosha usiku wakati hita inawaka na hakuna anayetumia maji. Wakabadilisha mpira, ukachoka tena. Asubuhi wa kwanza kufungua koki alikuwa anaiachia presha yote iliyolala, ndiyo kile kishindo. Kisha ukaja mpira wa kufulia, daraja likafunguka, na maji yaliyovimba yakapata pa kwenda: kupitia tawi la moto, kuvuka koki ya kufulia, kuingia bomba kuu la baridi, ambalo halikuwa na valvu nyingine ya njia moja popote. Kishindo kikakoma. Koki ya jikoni ikatulia. Maji ya bafuni yakawa vuguvugu.

Yaani ubovu niliokuja kuutengeneza ndio uliokuwa ukililinda tangi. Ningefunga vile vishikizo na kuondoka, ningeacha nyumba yenye maji moto safi, thamostati iko mwisho, na tangi lisilo na pa kupumulia. Kwa kawaida kuna kizimio cha joto kupita kiasi kinachokata umeme kabla mambo hayajaharibika, lakini hicho ni kinga ya mwisho, na kwenye tangi lililozibwa kinabaki peke yake. Kikishindwa, maji yaliyo chini ya presha yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na siku tangi linapasuka yanageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inachukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Sisemi kwamba ingetokea. Nasema sikuwa na haki ya kuligusa daraja lile kabla ya kigingi.

Kwa hiyo kazi ilikwenda kwa mpangilio wa kinyume na nilivyopanga. Nilizima breka, nikafungua koki ya moto ya jikoni kuishusha presha na kuyapitisha maji hadi tangi lipoe, nikafunga maji ya kuingia, nikamwaga yaliyobaki, kisha ndipo nikafungua valvu. Hata kigingi kilipotoka, nikiinua kijiti chake cha majaribio hakikuchezacheza: springi ilikuwa imegandishwa na chokaa, na njia ya maji ndani imebana hadi kama nusu. Hiyo ilieleza pia kwa nini baridi ilishinda kwa kiasi kile. Upande wa moto ulikuwa unavutia pumzi kwenye tundu la sindano. Ilibadilishwa yote. Kwenye kitundu chake nilifunga mrija mwembamba ulio wazi, unaoteremka hadi kwenye tundu la sakafuni, ili anayechukia matone asiyaone. Nilimwonyesha mama kijiti cha kuinua, akiinue mara moja kila miezi michache, kisigande tena.

Kwenye sinki la kufulia niliweka valvu za njia moja mbili chini ya koki, moja kila upande, kwa sababu sina imani na agizo la "kumbukeni kufunga vishikizo" katika nyumba ya watu sita. Agizo nililiacha pia.

Thamostati niliirudisha 60. Mama alitaka 50, akimfikiria mjukuu. Nikamweleza kwamba bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na tangi la 50 lina pembe zake za chini zinazobaki chini ya hapo, 60 inawaua. Lakini maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo la mjukuu linatatuliwa kwenye koki, kwa kuchanganya, wala si kwenye tangi. Tulikubaliana juu ya koki ya jikoni yenye kidhibiti cha joto, ambayo ilifungwa wiki iliyofuata.

Maji yakarudi, tangi likajaa hadi koki zote zikatoa maji bila hewa, na ndipo breka ikapandishwa. Elementi ikiwashwa kwenye tangi tupu inakufa kwa dakika chache. Baada ya saa mbili nilipima bafuni, moto peke yake: 57.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya siku tatu. Maji sasa ni moto sana, lakini mtu wa tatu kuoga asubuhi anakuta baridi. Hiyo nilikuwa nimeitarajia. Shawa ya nyuzi 40 kwa lita 8 kwa dakika inakula karibu lita 4 za maji ya 60 kila dakika, na kwenye tangi la lita 80 unachota kama lita 60 hivi kabla hayajaanza kupoa. Ni dakika kama kumi na tano. Watu wawili, wa tatu akiwahi. Wakati wa vuguvugu walikuwa hawaishiwi kwa sababu walikuwa wakioga maji baridi. Nilimwambia wazi kwamba hapo hakuna cha kutengeneza: ni tangi kubwa zaidi, shawa yenye matundu madogo zaidi, au kupishana saa. Wakachagua kupishana.

Ya pili ilikuja jioni ya wiki ile ile.

"Fundi, ile valvu mpya nayo inadondosha."

"Inadondosha saa zote, mama, au hita ikiwa inawaka tu?"

Kimya kidogo, nikasikia mlango wa stoo. "Ikiwa inawaka."

Nilimwomba aweke chupa ya lita moja chini ya mrija usiku kucha, aandike kwenye daftari. Asubuhi alinitumia picha: maji yameishia robo tatu ya chupa, na chini ya tarehe ameandika kwa mwandiko wa kihasibu, "Haijazibwa."